Shimo Jeusi Mdomoni mwa Léopold

Victorine wa Kingi alikuwa na kinyongo cha kuwatosha watu wa kijiji kizima, na bado kingebaki cha kuwagawia wageni. Msichana aliyemnyang'anya nafasi ya mbele darasani walipokuwa watoto sasa ni mama mtu mzima mwenye mkwe, lakini wakikutana sokoni Masisi, Victorine hugeuza uso akajifanya anachagua nyanya. Padri mmoja aliwahi kumhubiria habari za kusamehe. Alimsikiliza mpaka mwisho, akasema asante Padri, kisha akaenda nyumbani akaendelea palepale alipoachia.

Lakini tusimwonee. Kichwa kisichosahau baya hakisahau na kanuni, na fizikia aliishika jinsi alivyoshika makosa ya watu. Aliisomea Goma, akarudi kuifundisha katika shule moja ya sekondari hapo Masisi-centre, na humo ndani ya fizikia alipata kitu kilichofanana na moyo wake: shimo jeusi. Siku ile dunia nzima ilipoonyeshwa picha ya kwanza ya shimo jeusi, lile duara la moto lenye giza katikati, mwalimu mwenzake alimpa simu aone. Victorine aliikazia macho mpaka betri ikamalizika. Kitu kikivuka ukingo wa shimo lile hakirudi, hata mwanga haurudi. Wengine waliogopa. Yeye alipendezwa mno, maana hatimaye alikuta kitu mbinguni ambacho nacho hakisamehe.

Shimo lile linakaa katikati ya galaksi kubwa ajabu, mbali kiasi kwamba mwanga wake husafiri miaka zaidi ya milioni hamsini kabla ya kutufikia. Galaksi hiyo ilinenepa kwa kula majirani. Kila galaksi ndogo iliyosogea karibu ilivutwa, ikararuliwa, nyota zake zikawa nyota za jitu. Na shimo lililo katikati yake lina uzito wa majua bilioni sita na zaidi. Victorine alipenda sana kueleza mwisho wa ulafi huo. Vitu vinavyoanguka kuelekea shimoni huzunguka vikipata moto, na kabla ya kumezwa sehemu yake hutapikwa nje kwa nguvu ya kutisha. Moto huo huchemsha gesi yote ya pale, na gesi iliyochemka haiwezi kutulia ikafanya nyota mpya. Kwa hiyo jitu limejaa nyota kuukuu na halizai tena. Limekula mpaka likawa tasa, na Victorine alipofika hapo darasani, sauti yake ilikuwa na utamu ambao wanafunzi hawakuuelewa.

Redio ya jamii ilipotaka kipindi cha sayansi, ni yeye aliyepeleka wazo. Mkurugenzi wa redio alikuwa mtu mwenye suti moja na maoni mengi. Alimsikiliza, akafurahi, kisha akamwambia hivi:

"Mwalimu, ile emisyo iko muzuri sana. Lakini sauti ya mwanamuke kwa mambo ya mbingu, bantu hawataisikiliza. Utaandaa weye, halafu Papa Léopold njo mwenye atasema."

Papa Léopold alikuwa mtu wa Walikale, aliyepanda kutoka msituni miaka mingi iliyopita akiwa na sauti nzito iliyojaa chumba. Sifa yake haikuwa ya bure, lazima niseme. Katika miaka ya vita, ni yeye aliyekuwa akitangaza barabara gani imefungwa na ipi inapitika, na kila aliposema barabara ya Sake haifai leo, haikufaa kweli. Kuna watu wako hai Masisi hii kwa sababu walimwamini. Akina mama walifunga mizigo kwa neno lake na kuifungua kwa neno lake. Tatizo lilikuwa moja tu, macho yake yalikuwa yameingia ukungu, na karatasi hakuweza tena kuisoma.

Wakatafuta njia. Victorine aliketi katika chumba cha mitambo, nyuma ya kioo, na mikrofoni ndogo iliyoingia moja kwa moja katika vifaa vya masikioni mwa Léopold. Yeye anasema sentensi, Léopold anairudia hewani, kama mkalimani wa kanisani anayemfuata mhubiri, isipokuwa huyu mhubiri hakusikika na mtu yeyote. Léopold hakujua galaksi ni nini. Alipokea sentensi, akaivalisha ile sauti yake, akaitoa nje. Watu wa Masisi, wa Kingi, mpaka wale wa Karuba waliopata mawimbi kwa kupanda kichuguu, wakaanza kusema Papa Léopold ni bahari ya elimu.

Victorine alitaka kitu kimoja tu. Alitaka siku moja jina lake litajwe. "Haya yameandaliwa na Mwalimu Victorine." Lingechukua muda gani? Kila juma alingoja mwisho wa kipindi, na kila juma Léopold alimaliza kwa salamu za wagonjwa na wafiwa, jina la Victorine halimo.

Mwezi wa tisa, mwezi ulipatwa. Victorine alikuwa amelitangaza jambo hilo mapema, kwa mdomo wa Léopold kama kawaida: Jumapili jioni, baada ya jua kuzama, kivuli cha dunia kitaufunika mwezi nao utakuwa mwekundu, watu wasiogope. Jumapili jioni ikafika, watu wakasimama nje ya nyumba zao, na mwezi ukawa mwekundu kama alivyosema. Kesho yake uwanja wa redio ulijaa. Akina mama waliimba. Mzee mmoja alileta jogoo.

"Papa Léopold, ulijuaje?" wakamwuliza.

Victorine alikuwa amesimama mlangoni, karibu kabisa. Moyo ulimwenda mbio kama binti anayengoja kuposwa. Léopold alimtazama, maana kivuli chake alikitambua, akatabasamu, akawageukia watu.

"Ni kupiga hesabu tu," alisema.

Kisha mtu akatoa simu ili apige picha, na Léopold akanyoosha mkono upande wa mlango.

"Mwalimu, unishikilie huyu jogoo kidogo."

Akamshikilia. Alisimama pembeni ya picha na jogoo kifuani, jogoo akimchafulia blauzi ya kanisani, na mzee wa Walikale akapigwa picha pamoja na kijiji kizima. Kama ungemwona Victorine wakati ule ungedhani ametulia. Mimi nawaambia, maji yaliyo karibu kuchemka nayo hunyamaza kidogo.

Njiani kurudi nyumbani alianza kupanga. Fizikia inasema kwamba ukisimama mbali ukamtazama mtu anayeanguka katika shimo jeusi, hutamwona akivuka ukingo. Utaona anapunguza mwendo, anakuwa mwekundu, anafifia palepale kama aliyening'inizwa. Hivyo ndivyo alivyomtaka Léopold: aning'inie mbele ya watu wote, mwekundu kwa aibu, asizame haraka. Na kamba ya kumning'iniza alikuwa nayo mwenyewe, inaanzia mdomoni mwake na kuishia masikioni mwa yule mzee.

Alingoja Alhamisi ambayo wakaguzi wa shule walikuwa na mkutano Masisi-centre. Wakaguzi ni watu wanaopenda kucheka kosa la mwenzao kuliko wanavyopenda kula. Walilala katika nyumba ya wageni iliyokuwa na redio mezani, na redio hiyo haikuzimwa.

Jua lilikuwa bado halijazama kipindi kilipoanza. Victorine alianza na ukweli, sentensi laini zilizozoeleka. Alieleza ile galaksi kubwa na jinsi ilivyokula majirani. Léopold alirudia, sauti ikiviringika vizuri. Kisha Victorine akasogeza mdomo karibu na mikrofoni.

"Shimo jeusi huvuta kila kitu, cha karibu na cha mbali, wala hakuna aliye salama."

Huo ulikuwa uongo, naye aliujua kuliko mtu yeyote Masisi. Juma la kwanza kabisa alikuwa amefundisha kinyume chake: kwamba shimo jeusi halivuti kupita uzito wake, kwamba hata jua letu lingegeuzwa leo kuwa shimo jeusi lenye uzito uleule, dunia ingeendelea kulizunguka kama kawaida, gizani na kwenye baridi, bila kusogezwa hata kidogo. Ukikaa mbali nalo, halina habari nawe. Yote hayo sasa aliyakanyaga kwa kisigino.

"Shimo jeusi huvuta kila kitu," Léopold alirudia, "cha karibu na cha mbali, wala hakuna aliye salama."

"Shimo la galaksi ile limekwisha kulishika jua letu."

Léopold alisita. Kupitia kioo alielekeza uso wake kwa Victorine, yale macho yenye ukungu yakimtafuta. Angeweza kunyamaza. Angeweza kukohoa na kupiga wimbo. Lakini mwanamke huyu hakuwahi kumdanganya hata mara moja, na mwezi ulikuwa umepatwa siku aliyosema. Akarudia.

"Wenye kupiga hesabu wamehakikisha," Victorine alisema kwa raha, "kwamba jua hili halitaona mavuno ya mwezi wa kwanza."

Léopold alirudia na hiyo, polepole, kwa sauti ileile aliyotumia zamani kutangaza kwamba barabara ya Sake imefungwa.

Alipotoka chumbani alikuwa na jasho mpaka kwenye kola. Alimshika Victorine kiwiko.

"Mwalimu, ile maneno ya mwisho, njo kweli?"

"Papa Léopold," Victorine alimjibu kwa upole mtupu, "si ni weye njo unapigaka hesabu?"

Akamwacha amesimama. Usingizi wa siku ile ulikuwa mtamu kuliko wa siku ya kupata diploma.

Na Ijumaa ilimlipa. Wanafunzi wake wa mwaka wa sita walimpokea kwa kicheko, wakasema Papa Léopold amechanganyikiwa, au amezeeka, na mmoja alimwigiza akishika masikio na kutangaza kifo cha jua. Mkaguzi mmoja alipita katika chumba cha walimu akifuta machozi ya kucheka, akauliza ni nani huyo mtaalamu wenu. Victorine alisahihisha madaftari huku akitabasamu. Mtu akimwuliza anasema tu, "Mimi nifundishe fizikia yangu, mambo ya redio sijui." Alikuwa na hamu moja iliyobaki. Alitaka kumsimulia mama yake, mtu pekee aliyeweza kuonja kisasi pamoja naye mpaka mwisho.

Jumamosi asubuhi akapanda pikipiki kwenda Kingi.

Mvua ya kupandia ilikuwa imekwisha kunyesha. Udongo wa mashamba ya pande zile ulikuwa mweusi, umelimwa, umelainika, tayari kabisa. Lakini mashambani hapakuwa na mtu. Siku kama ile, vilima vile huwa vimejaa migongo ya wanawake walioinama, na vitenge vyao unavihesabu kutoka barabarani. Victorine alidhani kuna kilio mahali. Kisha, walipokaribia kijiji, ikampata harufu ya maharage yanayopikwa, kutoka nyumba hii, na ile, na ile ya pili yake, asubuhi yote hiyo.

Kwa mama yake palikuwa kama karamu. Mama Elisabeth alikuwa amevaa kitenge cha Pasaka. Majirani walikaa juu ya mikeka uani, kila mmoja na sahani yake, na sufuria kubwa ya sherehe za ubatizo ilikuwa juu ya mafiga. Mafuta ya mawese ya Walikale yalielea juu ya maharage, mekundu, ya kutosha. Kuku alikuwa amechinjwa. Watu walicheka, ila kicheko chao kilikuwa cha watu walioamua.

"Victorine!" mama yake alipaza sauti. "Mungu ni mwema, umefika. Nilikuwa naomba ufike. Kaa, ukule."

Victorine alikuwa bado hajakaa alipokiona kibuyu. Kililazwa ukutani, mdomo chini, na majivu yamemwagika mbele yake.

Nieleze jambo la kibuyu, maana asiyelima Masisi hawezi kujua. Mama wa huku hapandi maharage ya aina moja. Anapanda mchanganyiko wake, mekundu, meusi, ya njano, yenye madoa, kwa kipimo alichopewa na mama yake na ambacho mkono wake umekirekebisha mwaka baada ya mwaka, haya yakistahimili mvua nyingi, haya yakistahimili jua. Ukimwaga mbegu chini, jirani atakuambia hizi ni za nani. Zinahifadhiwa ndani ya kibuyu pamoja na majivu, na haziliwi. Mama Elisabeth alikimbia vita na mbegu hizo mgongoni, zimefungwa ndani ya kitenge kama mtoto. Alilala nazo kambini karibu na Goma. Watoto wake walilia njaa karibu na mbegu hizo, Victorine akiwa mmoja wao, na hakupika hata punje. Aliporudi Kingi alizipanda, na nyumba ikasimama tena.

"Mama," Victorine alisema, "ile kibuyu. Juu ya nini iko mutupu?"

"Tuko nakula," mama alijibu, akicheka. "Kama jua haitafika mwezi wa kwanza, nitapandia nani? Nimezichunga maisha yangu yote. Basi zife bure mu majivu? Nikasema hapana. Bantu waitwe, wakule, washibe siku moja. Hata jirani Mama Francine amepika zake. Hata wale wa kule juu."

Victorine akaketi kwenye mkeka. Jirani alimwekea sahani mapajani. Maharage yalikuwa ya moto, na aliyajua yote kwa rangi zake, japo rangi zilikuwa zimeanza kufifia kwa kuchemka.

Na hata hapo, hata pale palepale, kinyongo kilikuwa cha kwanza kuamka. Alisimama, sahani ikapinduka.

"Ni Léopold!" alipiga kelele. "Ni muongo, yule muzee! Hajui kintu! Haina hata neno moja ya kweli mu ile emisyo, alibuni tu, na munaamini muntu asiyejua hata nyota ni nini!"

Mama Elisabeth aliweka mwiko chini, akamtazama binti yake kwa mshangao, si kwa hasira.

"Léopold?" aliuliza. "Nani alikuambia niliamini Léopold? Muntu wa pori ya Walikale atajuaje mambo ya mbingu? Mi najua ni weye. Tangu juma ya kwanza najua. Alisemaka nyota zinazunguka sawa vile ng'ombe za Karuba zinazungukaka mwenye kutupa chumvi. Nani mwengine anaongeaka vile? Nilizaa ile maneno mimi mwenyewe. Niliambia bantu wote hapa: musisikilize sauti, ile ni akili ya mutoto wangu, na mutoto wangu hadanganyake." Akawageukia majirani. "Si nilisema?"

"Ulisema," wakajibu.

"Njo maana nilipika," Mama Elisabeth alisema. "Ingekuwa Léopold peke yake, ningepanda."

Majirani wote walikuwa wamemgeukia Victorine, sahani mkononi, vijiko vimesimama. Walimngoja aseme. Miaka yote alikuwa ameomba watu wamtazame hivyo, wajue kwamba maneno yalikuwa yake.

"Ni mimi," alisema. Akaiinua ile sahani iliyopinduka. "Ni mimi. Na nilidanganya, mama. Jua haina kintu. Jua itakuwako mwezi wa kwanza, na mwaka ule mwengine, na siku zote. Nilitaka tu wamucheke."

Hakuna aliyemtukana. Mama Francine aliweka sahani yake chini taratibu, akanyanyuka, akaondoka kwa haraka kuelekea nyumbani kwake, kwenye sufuria yake, na wengine wawili wakamfuata wakikimbia.

Mama Elisabeth alivuta sufuria kutoka motoni, akapiga magoti mbele yake, akaanza kupekua chini kwa mwiko, kisha kwa vidole japo maharage yalikuwa ya moto, akitafuta kama imebaki hata mbegu moja ambayo bado haijapasuka.